Korongo Lina Saa Zake

Maporomoko ya mto Nervión yana kimo cha mita 222, na siku nyingi za mwaka hayana hata tone la maji. Yako kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Monte Santiago, mpakani mwa mkoa wa Burgos na nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Kila Agosti watu huendesha gari mwendo mrefu, wakaegesha, wakatembea msituni hadi kwenye roshani ya kutazamia, wakakuta ukuta wa mawe mkavu. Wengi huondoka wakilaumu ukame. Ukame hauna kosa hapo. Jiwe lenyewe ndilo linalokunywa maji.

Uwanda ule ni wa jiwe la chokaa. Maji ya mvua hubeba kabonidayoksaidi kutoka hewani na zaidi kutoka kwenye udongo, yakawa na ukali kidogo, na kwa ukali huo huo huliyeyusha jiwe taratibu kupitia nyufa zake mpaka chini kukawa na mapango na mifereji. Mvua ya kawaida huzama humo kabla haijafika ukingoni. Maji huporomoka pale tu tumbo la ardhi linaposhiba: baada ya mvua nzito ya siku kadhaa mfululizo, au theluji inapoyeyuka kwa haraka. Kwa hiyo safari ya Nervión hupangwa kati ya mwisho wa vuli ya huko na majira ya kuchipua, tuseme Novemba hadi Aprili, nawe uwe tayari kuondoka siku moja au mbili baada ya mvua kubwa kukatika. Ukingoja wiki nzima utakuta uzi mwembamba unaopeperushwa na upepo. Ugumu ni kwamba siku za maji ndizo pia siku za ukungu, na ukungu ukilala juu ya uwanda ule huoni kitu mita kumi mbele yako. Soma utabiri wa AEMET, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo; ikitaja mawingu ya chini upande wa Orduña, mji ulio jirani na maporomoko, ahirisha.

Nimeanza na Nervión kwa sababu inafundisha mapema jambo ambalo wageni hulijua kwa kuchelewa. Watu hupanga kutembelea makorongo ya Hispania kwa ramani, wakati kinachoamua watakachokiona ni kalenda na saa. Mahali ni pale pale; mwezi ukikosea, umekosa.

Kuhusu ramani yenyewe, ni vizuri kujua maneno yake. Korongo la mto linaandikwa hoz huko Castilla, foz huko Navarra na Aragón, congost huko Catalonia, na kwingineko garganta, desfiladero au cañón. Hoz na foz yametokana na neno la Kilatini lenye maana ya koo, na garganta nalo ni koo. Kihispania kina hoz nyingine yenye maana ya mundu, na kwa kuwa mito hii hujikunja kama mundu, wengi hudhani jina limetoka huko. Lakini ni koo. Mirador ni mahali palipotengwa pa kusimama kutazama. Ermita ni kikanisa cha peke yake nje ya kijiji, na karibu kila korongo zuri lina kimoja. Embalse ni bwawa. Neno hili la mwisho lishike sana, maana tutalirudia.

Sasa saa. Sisi tuliokulia katika Kiswahili tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na saa sita ya mchana kwetu haiko mbali na jua la utosi. Hispania saa ya ukutani imelitangulia jua. Nchi iko kwenye mstari wa Greenwich na magharibi yake, lakini tangu mwaka 1940 inafuata saa ya Ulaya ya kati, na majira ya joto huongezwa saa nyingine moja. Matokeo yake, mwezi Julai katika mkoa wa Segovia jua hufika utosini kama saa nane na robo mchana, na huzama saa nne kasoro robo hivi usiku. Joto kali kabisa huja saa kumi na moja jioni au hata baadaye kidogo. Anayepumzika saa saba, akala, kisha akaanza tena kutembea saa tisa akidhani jua limeshapinda, anaingia kwenye tanuri lenyewe. Juu ya uwanda wa Castilla hakuna kivuli isipokuwa cha mireteni iliyosambaa mbalimbali. Ukifika njiani saa moja asubuhi una saa tano hadi sita nzuri mbele yako. Maji lita tatu kwa mtu kwa siku ya Agosti si woga, ni hesabu.

Korongo ninalompeleka mtu kwanza ni Hoces del Río Duratón, hapo Segovia, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1989. Mto Duratón umechimba uwanda wa chokaa ukijipinda na kurudi, kuta zikapita mita 100. Sehemu ya chini ya mto haina mkondo wa kuonekana, kwa sababu bwawa la Burgomillodo limeyarudisha maji nyuma. Ndiyo maana yanaonekana ya kijani na yametulia, na ndiyo maana watu hupiga kasia humo. Kuta hizo ni makao ya mojawapo ya makundi makubwa ya tumbusi barani Ulaya, wale wakubwa wa rangi ya kahawia iliyopauka wenye manyoya meusi ya mabawani, mabawa yakikunjuliwa yanafika mita mbili na nusu na zaidi.

Ndege hawa ndio wanaoweka sheria za hifadhi. Jike hutaga yai moja tu kwa mwaka, Januari au Februari. Wazazi hulilalia kwa zamu karibu siku 54, kisha kinda hukaa kiotani kama miezi minne kabla ya kuruka. Ukijumlisha unafika Julai. Basi ndiyo maana kuanzia Januari mosi hadi Julai 31 huwezi kupita bila kibali njia ndefu ya ukingo wa mto, kati ya daraja la Talcano na daraja la Villaseca, na watu wanaoruhusiwa kwa siku ni wachache. Kibali huombwa mapema kwa uongozi wa hifadhi. Kituo chake cha wageni kiko Sepúlveda, ndani ya lililokuwa kanisa la Santiago. Wageni hukasirikia katazo hilo. Waelewe kinachotokea: mtu akitokea ghafla chini ya kiota akipiga kelele, mzazi huruka, yai hubaki wazi kwenye baridi ya Februari, na mwaka wote wa jozi ile umekwisha. Hakuna yai la pili. Droni ni mbaya zaidi ya kelele, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi bila idhini.

Bila kibali bado unapata sehemu nzuri kuliko zote, yaani ermita ya San Frutos. Kutoka kijiji cha Villaseca kuna barabara ya vumbi ya kilomita nne au tano hivi. Gari dogo linapita, ila baada ya mvua udongo wake hushika matairi, na kiangazi mashimo huwa makali, kwa hiyo nenda polepole, usizidi kilomita 30 kwa saa. Ukiegesha, unatembea kama kilomita moja kuteremka hadi kwenye ulimi wa mwamba uliozungukwa na mto pande tatu. Kikanisa kiliwekwa wakfu mwaka 1100. Kabla ya kukifikia unavuka ufa mwembamba kwenye jiwe, La Cuchillada, ambao masimulizi ya wenyeji yanasema mtakatifu Frutos aliukata ili kuwazuia waliokuwa wakiwafukuza watu wake. Daraja dogo la mawe lililo juu yake ni la mwaka 1757. Tarehe 25 Oktoba ni sikukuu yake na njia hujaa watu, kwa hiyo anayetaka utulivu achague siku nyingine.

Swali la kila mtu ni saa ngapi ndege wataonekana. Tumbusi ni mzito, kilo saba hadi kumi, hawezi kupigapiga mabawa muda mrefu. Anangoja jua lipashe jiwe, hewa moto ipande, ndipo ajiachie. Ukifika saa mbili asubuhi utawaona wamejikunyata kwenye vipenyo vya ukuta. Darubini ya kukuza mara 8 au 10 inatosha, tafuta kwanza michirizi myeupe ya kinyesi kwenye mwamba, ndege yuko juu yake. Kati ya saa nne na saa sita mchana huanza kuzunguka, na kwa kuwa wewe uko juu ya genge nao wanatokea chini yako, hupita sawa na macho yako, karibu kiasi cha kusikia upepo ukikatwa na manyoya. Hiyo ndiyo saa. Baada ya hapo hupanda juu sana na kwenda mbali kutafuta mizoga, korongo likabaki tupu mpaka jioni. Siku ya mawingu mazito au mvua mara nyingi hawaruki.

Kuna kiungo kati ya kuta hizi na nyumbani. Tumbusi wa Rüppell, anayetaga kwenye magenge ya Hell's Gate karibu na Naivasha, huonekana Hispania pia. Vijana wa tumbusi wa Ulaya huvuka mlangobahari wa Gibraltar kwenda kupisha baridi kusini ya Sahara, na wanaporudi, baadhi ya wale wa Rüppell huja nao. Na yule mdogo mweupe mwenye uso wa njano, ambaye Wahispania humwita alimoche, huondoka Septemba kwenda Afrika na kurejea mwezi Machi. Kwa hiyo ukiangalia kundi angani juu ya Duratón, mmoja mwenye madoa kama magamba na mdomo uliopauka usimdharau.

Hawa ndege waliwahi kupata njaa kwa sababu ya karatasi. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, kanuni ya Ulaya ya mwaka 2002 ililazimisha mizoga ya mifugo iondolewe malishoni na kuteketezwa. Wafugaji waliokuwa wakiacha kondoo aliyekufa kwenye muladar, dampo la mizoga la kijiji, wakakatazwa. Mwaka 2011 kanuni zililegezwa. Ukikutana na uzio wenye mifupa ndani, usiudhani ni uchafu. Ni meza yao.

Korongo la pili ni la aina nyingine kabisa. Ruta del Cares, katika milima ya Picos de Europa, inatoka Poncebos upande wa Asturias hadi kijiji cha Caín upande wa León, karibu kilomita 12 kwenda tu. Njia ile haikutengenezwa kwa watalii: ilichongwa ukutani ili kuhudumia mfereji unaopeleka maji kwenye mitambo ya umeme, mfereji uliojengwa kati ya 1916 na 1921, na njia yenyewe ikapanuliwa miaka ya 1940. Ni pana kiasi cha mita moja na nusu, karibu yote haina kizuizi, na chini ni mto. Asiyevumilia kimo asijilazimishe.

Makosa ya Cares yanajirudia. Kwanza, watu husoma «kilomita 12» na kusahau kurudi. Kwa barabara, kutoka Caín kuzunguka milima hadi Poncebos ni zaidi ya saa mbili kwa gari, na basi la kukurudisha si jambo la kutegemea bila kupanga kabla. Ni kilomita 24 kwa miguu, saa sita hadi saba. Pili, ukianzia Poncebos unapanda mara moja kilima cha Los Collados, unateremka kidogo, kisha njia inakuwa tambarare hadi Caín. Asubuhi kilima hicho ni chepesi. Jioni unakikuta tena kikiwa kimepigwa jua na miguu yako imechoka. Watu wengi huishiwa nguvu pale, kilomita mbili au tatu kabla ya gari. Nunua maji Caín. Usichote kwenye mfereji: unakwenda kasi kuliko unavyoonekana, na kingo zake ni laini. Tatu, mawe. Mbuzi wanaochungwa juu huyasukuma, na baada ya mvua au baridi kali yanaachia yenyewe. Kofia ngumu ina maana hapa kuliko fimbo za kutembelea. Usikae kula chini ya ukuta wenye vipande vipya vya mawe njiani. Kaa ndani ya mahandaki mafupi au mahali ukuta unapolalia nyuma. Korongo hili linaelekea kusini na kaskazini, hivyo jua hugusa chini kwa muda mfupi tu, kama saa saba hadi saa tisa mchana kiangazi. Anayetaka picha ya maji yale ya kijani apange awe katikati ya njia wakati huo.

Kukadiria muda, Wahispania wana hesabu nzuri inayotumika kwenye vibao vyao vya MIDE, mfumo wa kupima ugumu wa njia za miguu: kilomita nne kwa saa kwenye vijia vizuri, mita 400 za kupanda kwa saa, mita 600 za kuteremka kwa saa. Piga hesabu ya umbali peke yake na ya kimo peke yake, chukua iliyo kubwa, ongeza nusu ya iliyo ndogo. Njia ya kilomita 12 yenye kupanda mita 400 na kuteremka 400 ni saa tatu kwa umbali, saa moja na dakika 40 kwa kimo. Jumla saa tatu na dakika 50, bila kupumzika. Ukiwa na watoto ongeza theluthi moja.

Anayetaka korongo bila kuhangaika aende Foz de Lumbier, Navarra. Mto Irati umekata mwamba kwa kilomita 1.3 tu, na njia ni tuta la reli ya zamani, treni ya Irati iliyofanya kazi kuanzia 1911 hadi 1955. Ni tambarare, gari la mtoto linapita. Kuna mahandaki mawili yasiyo na taa, moja lina zaidi ya mita 200 na limejipinda, kwa hiyo katikati yake huoni mwanga wa upande wowote: chukua tochi, ya simu si mbaya ila hakikisha ina chaji. Dakika chache kwa gari kutoka hapo kuna Foz de Arbayún, ambapo mto Salazar umeshuka karibu mita 400 chini ya uwanda. Huko huingii; unasimama kwenye mirador ya Iso kando ya barabara ya NA-178. Dakika ishirini zinatosha ukifika saa isiyo ya ndege, na saa mbili hazitoshi ukifika asubuhi wanapoanza kuruka.

Kuhusu maji ya ghafla sitaki kusema kwa ufupi. Tarehe 7 Agosti 1996, huko Biescas kwenye milima ya Pyrenees, mvua ya radi ilinyesha juu kwenye bonde dogo la Arás, na maji yakashuka juu ya kambi ya mahema iliyojengwa kwenye mdomo wa bonde hilo. Watu 87 walikufa. Msomaji wa Kenya anakumbuka mafuriko ya Hell's Gate ya 2012 na 2019. Sababu ni ile ile. Mvua inayoua haikunyeshei wewe; inanyesha mahali usipopaona, na korongo huikusanya. Mwezi Agosti radi huja mchana kuelekea jioni, ndiyo sababu nyingine ya kuanza mapema na kutoka kwenye vijia vyembamba kabla ya saa nane. Tazama tahadhari za AEMET za bonde lote la mto, usiishie kwenye kijiji ulicholala: tahadhari ya rangi ya njano tayari inatosha kukuzuia usiingie chini. Ukiwa ndani, weka jiwe penye ukingo wa maji unapopumzika. Likifunikwa, au maji yakigeuka ya udongo, au majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, panda juu hapo hapo. Usikimbie kufuata mto. Na chini ya embalse, maji huweza kuongezeka chini ya anga safi kabisa, kwa sababu bwawa limefunguliwa; vibao vinavyosema crecidas vinamaanisha hilo.

Simu chini ya genge mara nyingi haishiki. Namba ya dharura ni 112, na hupita mtandao wowote utakaopatikana, kwa hiyo panda hadi penye uwazi ndipo upige, ukiwa na majiranukta yako, yaani namba za ramani zinazoonyesha ulipo, mkononi. Pakua mapema ramani za taasisi ya taifa, IGN, za kipimo cha 1:25,000. Alama za njia ni rangi mbili zilizopakwa kwenye miti na mawe: nyeupe na nyekundu ni njia ndefu, nyeupe na njano ni ya siku moja, nyeupe na kijani ni fupi. Zikipakwa kwa mkato wa X, umepotea njia, rudi.

Mambo ya vijijini yana adabu yake. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Lililo wazi, liache wazi. Bomba lenye maandishi no potable usinywe. Kibao cha batida kati ya Oktoba na Februari maana yake nguruwe mwitu wanawindwa kwa bunduki siku hiyo, nenda kwingine. Mbwa mkubwa mweupe au wa kahawia katikati ya kondoo si mbwa wa kubembeleza: zunguka kundi kwa mbali, shuka baiskeli, tembea bila kukimbia, usipite kati yake na kondoo. Jaza mafuta mjini, kwa sababu vijiji vingi havina kituo, na duka la pekee hufungwa saa nane mchana hadi saa kumi na moja.

Jioni ya Juni, rudi San Frutos baada ya saa mbili usiku ya huko, jua likiwa bado juu ya uwanda. Magari yamekwisha kuondoka. Tumbusi hurejea mmoja mmoja kutoka mbali, mabawa yamekazwa, miguu imeshushwa, wakikata upepo hadi kwenye vipenyo vyao, na ukuta wa upande wa pili hugeuka rangi ya asali. Hakuna haja ya kuharakia chakula: jikoni Sepúlveda hawaanzi kuhudumia kabla ya saa tatu. Baki na tochi na koti, kwani uwanda ule uko karibu mita 1,000 juu ya bahari na baridi hushuka mara jua linapozama. Barabara ya vumbi usiku ni ya sungura na kulungu, kwa hiyo washa taa na uende taratibu zaidi ya ulivyokuja.